Spacio yenye kilomita 238,000: je, nimwage oili ya giaboksi otomatiki au niiache ilivyo?

Mwalimu wa Gungu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Ninaandika nikiwa Gungu, hapa Kigoma mjini, na nina swali ambalo nimelizungusha gereji nne. Kila niliyemuuliza alinijibu kwa uhakika kamili, lakini hakuna wawili waliokubaliana.

Gari langu ni Toyota Corolla Spacio ya mwaka 2003, injini ya 1NZ, giaboksi otomatiki ya gia nne. Dashibodi inasoma kilomita 238,000. Nililipokea likiwa linasoma 89,000, namba ambayo siwezi kuiapia, kwa sababu sote tunajua jinsi namba za magari ya mtumba zinavyoweza kurudishwa nyuma kabla gari halijapanda meli. Kwa miaka tisa nimemwaga oili ya injini kila kilomita 5,000 bila kukosa, lakini oili ya giaboksi, ile nyekundu ambayo wengi tunaiita hadroliki, sijawahi kuimwaga hata mara moja. Mwanzoni sikujua kwamba nayo ina wakati wake. Nilipokuja kujua, nikaambiwa kwamba nimeshachelewa na kwamba sasa nikiigusa nitaiua giaboksi.

Dalili nilizo nazo ni mbili. Asubuhi, gari likiwa la baridi, nikiingiza gia ya kurudi nyuma hupita kama sekunde mbili kabla halijashika, na linaposhika hutoa mshtuko mdogo. Likishapata moto tatizo hilo huisha. Dalili ya pili hutokea nikipanda kutoka Mwandiga kuelekea Manyovu nikiwa na watu watano na mizigo: giaboksi husitasita kati ya gia ya tatu na ya nne, inaingia na kutoka, kama mtu asiyejua akae au aondoke. Taa ya hitilafu haijawaka, na chini ya gari hakuna tone.

Fundi mmoja ameniambia nisiguse kabisa. Mwingine anataka tuitoe oili yote siku moja kwa mashine ya kuflashi. Naomba mnisaidie, na zaidi ya neno "badilisha" au "usibadilishe", naomba sababu, kwa maana gari hili ndilo linalonipeleka kazini na ndilo linalompeleka mama yangu kliniki kila mwezi. Likisimama, giaboksi nyingine inabidi isafiri kutoka Dar es Salaam au Mwanza.

Fundi Mstaafu, Ujiji

Mwalimu, nakujibu kama mzee aliyekaa chini ya magari zaidi ya miaka thelathini. Usiiguse. Nimeona kwa macho yangu magari yaliyoingia gereji yanatembea, yakamwagwa oili ya giaboksi, na ndani ya mwezi mmoja yakarudi yamefungwa kamba nyuma ya lori. Oili ya zamani imebeba unga wa pleti za klachi, na unga huo ndio unaosaidia pleti zilizochakaa kushikana. Ukiweka oili mpya, nyepesi na inayoteleza, unga umeondoka na klachi zinabaki zinateleza. Tena oili mpya ina dawa ya kusafisha: inabandua uchafu uliotulia miaka mingi na kuusukuma kwenye vinjia vya valvu bodi, ile sehemu inayogawa oili ndani ya giaboksi, ambavyo ni vyembamba kuliko unavyofikiri. Gari linalotembea liache litembee.

Muuguzi wa Kasulu

Shikamoo mzee wetu wa Ujiji, na ninaomba kutofautiana nawe kwa heshima. Nina RAV4 ya mwaka 2002, nilimwaga oili ya giaboksi ikiwa na kilomita 210,000 na sasa ina 260,000, njia yangu ikiwa ni Kasulu na Kibondo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi tupu. Haikuwa na dalili yoyote mbaya siku nilipomwaga, na nadhani hapo ndipo penye tofauti. Kwetu wodini umri wa mgonjwa unaandikwa kwenye faili, lakini hakuna anayeandikiwa dawa kabla hajapimwa. Mwalimu, umeshaivuta stiki ya kupimia oili ukaiangalia hiyo oili? Katika maelezo yako yote sijaona ukitaja rangi wala harufu yake.

Fundi Mitambo wa Kibirizi

Dada wa Kasulu ameuliza swali linalotakiwa kutangulia mengine yote. Mimi nimeshughulika na mitambo ya presha ya oili kwa muda mrefu, kwanza kwenye vyombo vya ziwani na sasa kwenye magari, kwa hiyo mnivumilie nieleze kwa urefu, kwani ugomvi huu unaanzia pale watu wanapoichukulia oili hii kama ndugu wa oili ya injini.

Ndani ya giaboksi otomatiki, oili inalainisha gia na beringi na inaondoa joto, kama oili nyingine yoyote. Lakini inafanya na mambo mawili makubwa zaidi. Gari linapoondoka, nguvu ya injini inapita ndani ya oili yenyewe: katika toki konveta kuna mapangaboi yanayotazamana, moja linaisukuma oili, na oili inalizungusha la pili. Kisha oili hiyohiyo ndiyo inayobana klachi. Pampu inajenga presha, valvu bodi inaigawa, solenoidi, yaani valvu za umeme, zinafungua na kufunga njia, pistoni inasukumwa, pleti zinabanwa, gia inaingia. Pleti hizo zimebandikwa utando unaofanana na karatasi ngumu, nao unafanya kazi ukiwa umelowa muda wote. Kwa hiyo oili inatakiwa iteleze kwenye gia lakini ishike kwenye pleti, na uwezo huo wa kufanya mambo mawili yanayopingana unatokana na viungo vilivyochanganywa kiwandani. Viungo hivyo vinachoka.

Kinachovichosha ni joto kuliko kilomita. Giaboksi nyingi hufanya kazi oili ikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi, na kanuni ya jumla kwenye vilainishi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya hapo hupunguza maisha ya oili kwa karibu nusu. Ikipita nyuzi 120 huanza kuacha utando wa kahawia, kama vanishi ya samani, juu ya valvu ndogondogo, na sili za mpira huanza kukakamaa. Sasa fikiria Spacio yenye watu watano inayotoka hapa usawa wa ziwa, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ikivipanda vilima vya Buhigwe huku gia ya tatu na ya nne zikipokonyana. Kila zinapopokezana pleti husuguana, na kila msuguano ni joto. Kilomita moja ya mlima ule si sawa na kilomita moja ya kutoka Mwanga kwenda Ujiji. Mkuu, ukipanda tena, zima kitufe cha O/D (ovadraivu, yaani gia ya nne) kilicho kwenye mkono wa gia, giaboksi ibaki kwenye ya tatu mpaka umalize mlima.

Wapo pia wanaosema oili hii ni ya maisha, yaani haimwagwi kamwe, na ni kweli kwamba baadhi ya watengenezaji wa magari huandika hivyo. Lakini ZF ya Ujerumani, kampuni inayotengeneza giaboksi zinazofungwa kwenye magari mengi ya Ulaya, inashauri oili imwagwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au kila miaka 8, kutegemea matumizi. Anayeitengeneza giaboksi ndiye anayejua kilichomo ndani yake, na mimi namsikiliza huyo.

Sasa nije kwa mzee wangu wa Ujiji. Aliyoyaona aliyaona, sina sababu ya kuyatilia shaka. Ninachouliza ni hali ya magari yale siku yalipoingia gereji. Katika mji kama wetu hakuna anayekumbuka oili ya giaboksi mpaka gia zianze kuteleza, na gia zikianza kuteleza utando wa pleti umeshaungua. Hapo ndipo mtu anamwaga oili akiomba muujiza, giaboksi inakufa baada ya wiki tatu kama ambavyo ingekufa hata bila kuguswa, na lawama inaiangukia oili mpya kwa sababu ndiyo iliyoingia mwisho. Magari yaliyomwagwa yakiwa mazima yakaendelea kutembea hayarudi gereji kusimulia. Na hoja ya unga wa klachi naielewa, lakini giaboksi inayoshika kwa msaada wa uchafu wake yenyewe inaishi kwa siku za kuhesabu, na uchafu huohuo ndio unaokisaga kila kinachozunguka ndani.

Kwa hiyo, Mwalimu, kabla ya kuamua fanya hivi. Endesha gari nusu saa lipate moto, lisimamishe mahali tambarare, vuta breki ya mkono, injini ikiwa inanguruma. Pitisha mkono wa gia polepole kutoka P hadi L na kuurudisha P. Vuta stiki, ifute, irudishe, ivute tena. Oili ya moto inatakiwa iwe ndani ya alama ya HOT. Dondosha tone moja juu ya tishu nyeupe na uliache kwa robo saa. Likitanuka na kuacha duara la wekundu uliofifia au kahawia, oili imechoka lakini haijaungua. Likibaki doa jeusi katikati lisilotanuka, na lina harufu ya kitu kilichoungua jikoni, habari ni nyingine. Likiwa la waridi lenye maziwa, kama juisi ya matunda iliyotiwa maziwa, simamisha gari hapohapo. Kwenye Toyota nyingi kipozea oili ya giaboksi kimo ndani ya tangi la rejeta, na kikitoboka maji yanaingia kwenye giaboksi na kulegeza gundi ya pleti. Tatizo hili lingekuwa dogo kama watu wangeacha kujaza maji ya bomba kwenye rejeta mwaka mzima na kutia kulanti inayostahili, kwa sababu kutu ndiyo inayokula kipozea hicho.

Kisha pima muda. Gari likiwa la moto, kanyaga breki, toa N weka D, na uhesabu mpaka usikie limeshika. Kwa kipimo cha Toyota isizidi sekunde 1.2, na kwa R isizidi 1.5. Rudia mara tatu, ukipumzika dakika moja kila mara. Tuletee majibu hapa.

Mkazi wa Tabora

Naomba nitoe ushuhuda wangu, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wale ambao giaboksi zao zilikufa baada ya kumwaga oili, na ilinichukua muda kuelewa sababu.

Nilikuwa na Noah niliyokuwa nikiitumia kati ya Tabora na Nzega. Ilianza na kulia: nakanyaga, injini inapanda sauti, gari linachelewa kufuata. Nilitembea nalo hivyo miezi minne, kwa sababu lilikuwa likinipatia riziki. Nilipoipeleka gereji, waliunganisha mashine, wakasukuma dawa ya kusafishia, kisha wakajaza oili nyekundu iliyokuwa ikipimwa kwa lita kutoka kwenye pipa lisilo na maandishi. Niliuliza ni aina gani, nikajibiwa kwamba hadroliki ni hadroliki. Siku kumi na mbili baadaye gia ya tatu haikuingia tena.

Giaboksi ilipofunguliwa niliomba nione. Fundi aliniwekea pleti mkononi. Zilizo nzima zina utando wa kahawia wenye mistari, ukizisugua kwa kidole unahisi ukwaruzo wa karatasi. Za klachi yangu moja zilikuwa chuma kitupu, cheusi, chenye madoa ya bluu ya moto. Kuungua kwa namna ile hakutokei kwa siku kumi na mbili. Nilikuwa nimeziunguza mwenyewe miezi minne nikilipandisha gari lililojaa abiria. Gereji ile nailaumu kwa oili isiyojulikana na kwa kuchukua pesa yangu bila kunipima, lakini kifo kilikuwa kimeshaingia ndani kabla sijafika kwao.

Fundi Mstaafu, Ujiji

Nimesoma na nimeyatafakari kwa siku mbili. Kijana wa Kibirizi, hoja yako ya hali ya magari yale nimeipima kwenye kumbukumbu zangu, na nikiri kwamba katika yale ninayoyakumbuka vizuri sioni hata moja lililoletwa likiwa zima. Yote yaliletwa na mwenye gari analalamika. Zamani hizo pia hatukuwa na uchaguzi wa oili. Nyekundu ilikuwa nyekundu, tukiiita Dexron yote, ilhali Dexron ni kipimo cha General Motors ya Marekani na Toyota ilikuwa na chake.

Bado ninasimama kwenye jambo moja: mashine ya kusukuma dawa isiguse giaboksi ya zamani. Na kama Mwalimu atamwaga, asiishie kufungua bolti ya chini. Ashushe sampu, lile beseni la chini la giaboksi. Ndani yake kuna sumaku ndogo za duara, na hizo ndizo zitakazomwambia ukweli ambao stiki haiwezi kuusema. Zikiwa zimefunikwa na tope laini la kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Akikuta vipande vya chuma vinavyochoma kidole, beringi, gia au pleti za chuma zinalika. Na akiona chembe za rangi ya shaba, ambazo sumaku haizivuti na hivyo zitakuwa zimelala kwenye sakafu ya sampu, hizo ni bushi zinazokwisha. Hapo afunge sampu, aanze kuweka akiba ya giaboksi nyingine.

Mwenye Premio, Mwandiga

Naomba kuuliza kwa kifupi, mimi nina Premio ya cc 2,000 yenye injini ya D4. Ushauri huu unanihusu na mimi?

Fundi Mitambo wa Kibirizi

Mkuu wa Mwandiga, simama kwanza. Premio ya mwili ule yenye injini ya lita mbili ilifungwa giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kuhesabika bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na oili yake ni ya CVT, ile Toyota inayoiita TC. Ukiitia ATF ya kawaida, yaani oili ya giaboksi otomatiki ya gia, mkanda utateleza na utaziharibu puli. Ndugu zake wa cc 1,500 na 1,800 wana giaboksi ya gia nne. Mwonekano wa nje ni ule ule, kwa hiyo usikubali fundi akupimie oili kwa kuangalia bodi.

Hata kati ya oili za Toyota wenyewe kuna tofauti. Spacio ya Mwalimu inataka T-IV, na imeandikwa kwenye stiki yenyewe, wala haihitaji kubishaniwa. WS ilikuja kwa magari ya baadaye na ni nyepesi zaidi. Usiimimine kwenye giaboksi ya T-IV kwa sababu tu ni mpya dukani. Mengi ya magari ya WS hayana hata stiki: usawa wake unapimwa kwa bolti ya kufurikia, oili ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45 hivi, na fundi asiye na kipimajoto atakuwa anabahatisha.

Mwalimu wa Gungu (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu wa Ujiji, na nawashukuru wote. Nimefanya vipimo.

Oili ilikuwa ndani ya alama ya HOT, kwenye mstari wa chini. Rangi yake ni ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokaa. Niliinusa mara mbili nikamwita na mke wangu ainuse. Sote hatukusikia harufu ya kuungua. Tone kwenye tishu lilitanuka hadi upana wa sarafu ya shilingi mia mbili, likaacha duara la kahawia lenye ukingo uliofifia. Gari likiwa la moto, D ilishika ndani ya sekunde moja na R kwa sekunde 1.4, nikipima kwa saa ya simu huku mwanangu akihesabu kwa sauti. Injini hailii bila gari kufuata, hata mlimani.

Swali langu lililobaki ni la kiasi. Nikifungua bolti zitatoka lita ngapi, na je, zilizobaki ndani hazitaichafua mpya?

Fundi Mitambo wa Kibirizi

Kwa majibu hayo giaboksi yako ni hai na oili yake imechoka. Mimi ningemwaga, tena kwa awamu.

Giaboksi ya aina yako inabeba takriban lita sita na nusu, lakini ukifungua bolti hutoka kama tatu tu, kwa kuwa nyingine imo ndani ya toki konveta na kwenye mipira ya kipozea. Hilo ndilo linalowafanya watu waone kumwaga ni kazi bure, na mimi naliona kama faida. Ukimwaga mara ya kwanza inabaki ndani karibu asilimia 54 ya oili ya zamani. Endesha kilomita 1,000, mwaga tena, itabaki asilimia 29. Mara ya tatu, 16. Dawa ya kusafisha iliyo kwenye oili mpya inaingia kidogokidogo, uchafu unabanduka taratibu na kila mara unatoka nje na oili inayofuata, badala ya kushtuliwa wote siku moja. Lita kumi zinatosha kazi yote, na bei yake pamoja na gasketi haifikii nusu ya giaboksi ya mtumba kabla hujalipa nauli na ufundi.

Pima kinachotoka, na rudisha kiasi kilekile kupitia tundu la stiki kwa faneli nyembamba. Ikipungua, pampu itavuta hewa. Ikizidi, gia zitaipiga mpaka itoe povu, na povu halina presha. Bolti za sampu ni ndogo, zikazwe kwa mkono mwepesi na kwa kupishana, maana sampu iliyopinda inavuja milele. Na oili chafu muipeleke kwa wanaoikusanya. Mitaro ya mji huu wote inashuka ziwani, na dagaa tunaowala wanatoka humohumo.

Mwalimu wa Gungu (mleta uzi)

Wakuu, ninarudi na mrejesho, wiki saba baada ya kumwaga mara ya kwanza na siku tatu baada ya mara ya pili.

Nilinunua T-IV kwenye makopo yaliyofungwa, nikaenda kwa kijana mwenye gereji hapa Gungu ambaye alikubali nikae naye mwanzo hadi mwisho. Bolti ya chini ilifunguka kwa alenki baada ya kubishana kidogo. Oili ilitoka nyeusi kuliko ilivyoonekana kwenye stiki. Kwenye beseni la bluu ilionekana kama kahawa, na ukiiinua kwa kijiko ikitiririka juani ndipo wekundu ulipojitokeza kwenye ukingo. Tulijaza chupa mbili za maji za lita moja na nusu, na ya tatu ikafika vidole viwili kutoka chini.

Sampu iliposhuka nilisogea karibu zaidi ya ilivyopaswa, nikachafua shati. Sumaku zilikuwa zimevaa tope la kijivu lililosimama kama manyoya, nene kama ukucha wa dole gumba. Nililisaga kati ya vidole nikitafuta kinachochoma. Halikuwa na punje hata moja, lilikuwa laini kama masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta. Tulimwaga oili iliyobaki kwenye sampu kupitia kitambaa cheupe, tukakianika juani, tukakigeuzageuza tukitafuta mng'ao wa shaba. Hatukuuona. Chujio la ndani lilikuwa la wavu wa chuma. Kijana alilisafisha, tukafunga gasketi mpya na kurudisha oili kiasi kilekile.

Matokeo nayaandika kama yalivyo. Kwa kilomita 200 za kwanza sikuona tofauti yoyote, na kila asubuhi nilikuwa nikiweka R moyo ukinidunda. Baada ya hapo gia zilianza kuingia kwa ulaini ambao nilikuwa nimeusahau, hasa ya pili. Kuchelewa kwa R asubuhi kumepungua kutoka sekunde mbili hadi moja na nusu hivi, ila hakujaisha, na mshtuko mdogo bado upo. Fundi wa Kibirizi ameniambia kwa simu kwamba huenda ni sili zilizokwisha kukakamaa, na hizo oili haizirudishii ujana. Njia ya Manyovu nimeipanda mara nne nikiwa nimezima O/D, na kusitasita kule sijakusikia tena. Nilipojaribu mara moja bila kuizima, kulirudi mara mbili kwenye kona zenye mwinuko mkali, kwa hiyo kitufe kile sasa nakitumia kila mlima.

Mara ya pili tulimwaga dashibodi ikisoma 239,400. Oili iliyotoka ilikuwa ya kahawia yenye wekundu unaoonekana bila kuinuliwa juani. Nimeweka matone ya siku zote tatu kwenye tishu moja, ya kabla ya kumwaga, ya mara ya kwanza na ya mara ya pili, na nimeibana ndani ya daftari la gari pamoja na tarehe na kilomita. Ya tatu nitaimwaga ikifika 240,400, ambayo kwa safari zangu ni kama mwezi mmoja na nusu kutoka sasa.

Fundi Mstaafu, Ujiji

Marahaba, Mwalimu. Siku ya kumwaga ya tatu nipigie, uje huku kwangu Ujiji tuishushe tena hiyo sampu. Nataka nizione hizo sumaku kwa macho yangu, tope limerudi nene kiasi gani kwa kilomita 2,000, kwa maana kwa miaka yote ile niliyokaa chini ya magari sikuwahi kuiangalia giaboksi iliyomwagwa ikiwa nzima.